Ukuta wa Pua Yetu

Tulipokuwa na miaka 14 kiwiko cha mwenzetu kilitupiga puani katika mchezo wa mpira. Damu ikatoka, ikakauka, tukarudi uwanjani. Tangu hapo tundu la kushoto halikupitisha pumzi vema. Tulilala kinywa wazi, tukaamka na koo kavu, na watoto wa mafundisho waliiga sauti yetu nyuma ya mgongo. (Tuliwasikia.)

Mwaka jana munganga alimulika ndani akasema: «Mwalimu, ukuta unaogawa pua umepinda.» Ukuta huo kwa mbele ni gegedu, mfupa laini kama wa sikio. Hupasuliwa kwa ndani, bila kovu usoni. Hakutuficha hatari: kutoka damu nyingi, usaha, tundu kubaki ukutani na pua kulia kama filimbi, meno ya juu kufa ganzi, na pengine kuziba kusiishe.

Ya kisu hatuna la kusimulia, tulilazwa usingizi. Taabu ilikuja nyuma: pua iliziba kuliko zamani! Tukadhani tumetupa feza bure. Tulikuwa tumekatazwa kupenga kamasi majuma mawili, na kuinua mizigo. Na chafya tuipige kinywa wazi. Lakini shangazi akasema: «Penga, mwanangu, uchafu utoke.» Usiku wa nne tukapenga. Damu ilijaza kitambaa kizima. Mama watoto alitukalisha, tukainama mbele, tukaitema tusiimeze, na kulipokucha akatupeleka hospitali bila kusema neno. Tungependa zaidi angetugombeza.

Munganga alitazama, akashusha pumzi. Damu itokayo nje huonekana, akasema. Ile anayoiogopa hujikusanya ndani, kati ya gegedu na ngozi yake. Gegedu haina mishipa ya damu, hulishwa na ngozi hiyo. Ikitengwa nayo, hufa kwa siku chache, na pua hubonyea. Basi maumivu yakizidi badala ya kupungua, pande zote mbili zikizidi kuziba, au homa ikija, ni kurudi siku ileile.

Yetu ilikuwa uvimbe tu, nao hukaa majuma mengi. Tuliosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, tukalala juu ya mito miwili. Shangazi hakuambiwa. Juma la sita, tukipita njiani asubuhi, tulisikia harufu ya mihogo ikichomwa, na iliingia kwa tundu la kushoto.