KONAMI ILIVYOTUTOSA WATOTO WA BANDA LA GEMU

Kila siku tunaongea habari za wapenzi wanaotoswa, mara huyu kaachwa kwenye mataa, mara yule kakuta nafasi yake ina mtu. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama mtu anaweza kutoswa na kampuni. Inawezekana bwana! Mimi yamenikuta, kaka yangu yamemkuta zaidi, na wapo masela kibao duniani ambao ukiwatajia jina la Konami wanashusha pumzi kama mtu aliyetajiwa mtalaka wake.

Kaka alikuwa na banda la gemu kule Tandika. Chumba kimoja cha uani, runinga mbili za chogo, PS2 mbili, mabenchi matatu, na khanga ya mama imetundikwa dirishani ili jua lisipige kwenye kioo. Mechi moja shilingi mia, anayefungwa anatoka. Usilicheke banda lile, ndilo lililonilipia ada kuanzia kidato cha tatu mpaka nikamaliza. Na kilichokuwa kinachezwa mle ndani kuanzia asubuhi mpaka mama apige kelele za umeme ni kitu kimoja tu, PES 6.

Mapenzi yangu na Konami lakini yalianza zamani kidogo. Nilikuwa nina miaka sita hivi, jirani yetu ana TV gemu ya kaseti, na kwenye kaseti ile kuna Contra. Kabla sijajua kuandika jina langu vizuri nilikuwa nakijua kichwani kibonyezo cha siri: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Unapata roho 30. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba aliyekibuni ni Mjapani mmoja anaitwa Kazuhisa Hashimoto, mwaka 1986, alipokuwa anaitengeneza Gradius kwa ajili ya mashine ya Nintendo. Gemu lilimshinda mwenyewe kulijaribu, akajiwekea njia ya mkato, halafu ikabaki humo humo. Alifariki mwaka 2020. Siku hiyo nilikaa kimya kidogo, si utani. Mtu hujawahi kumwona, lakini vidole vyako vinamjua.

Kampuni yenyewe ilianza mwaka 1969 mkoani Osaka, ikikodisha na kutengeneza majukiboksi, yale masanduku ya muziki ya baa. Kutoka kukodisha masanduku ya baa mpaka kutawala mabenchi ya Tandika, we acha tu.

Sasa PES. Kijana wa leo ukimwambia Manchester United iliwahi kuitwa Man Red na Liverpool ikaitwa Merseyside Red anadhani unaleta usanii. Ndivyo ilivyokuwa. Konami hawakuwa na haki za majina ya timu nyingi, wapinzani wao wa FIFA walikuwa nazo karibu zote. Huko nyuma kabisa Roberto Carlos aliwahi kuitwa Roberto Larcos! Tulicheka, lakini hatukuhama. FIFA ilikuwa na majina, PES ilikuwa na mpira. Pasi ilikuwa na uzito, beki anachoka kweli, na kama huna akili ya kusubiri unafungwa na mtoto wa darasa la nne. Halafu kulikuwa na Adriano wa Inter Milan, mguu wa kushoto nguvu ya shuti 99. Bandani kwetu Inter ilipigwa marufuku baada ya njemba mbili kutaka kuvuana mashati.

Kaka yeye alikuwa mgonjwa wa Masta Ligi. Pale unaanza na wachezaji wa kubuni ambao hawapo duniani, akina Minanda, Ximelez, kipa Ivarov na mshambuliaji mmoja anaitwa Castolo. Wabovu kidogo, wanazeeka, hela huna, unapanda nao ngazi taratibu. Watu wote huwa wanawauza mapema wanunue majina makubwa. Kaka alikataa kumuuza Castolo misimu mitano mizima. Mtaa mzima ukampa jina hilo hilo, Kasto, na mpaka leo fundi wa viatu pale kona hajui jina lake la kitambulisho.

Na sikufichi, jambo kubwa kuliko yote alilolifanya ni Simba na Yanga. PES ilikuwa na sehemu ya kubadilisha majina na jezi. Likizo moja ya Desemba mimi na yeye tulikaa siku kumi, yeye anabonyeza pedi, mimi namsomea majina kutoka kwenye gazeti la michezo. Merseyside Red ikawa Simba, maana jezi tayari nyekundu. Timu nyingine tukaipaka njano na kijani. Kikosi kizima mpaka kipa wa akiba, mpaka nywele tulichagua moja moja. Vyote vikahifadhiwa kwenye memori kadi moja ya MB 8. Siku ya kwanza kuionesha watu walijaa mpaka nje ya geti, na kaka akapandisha bei, mechi ya watani shilingi mia mbili.

Hapo najua unataka kunikata kauli. Nyie CD zenu si zilikuwa za kuchoma? Ndiyo bwana, za kuchoma, Kariakoo, elfu moja. Konami hawakupata hata senti yetu. Basi tulikuwa na haki gani ya kununa? Nimelifikiria sana hilo, na jibu lililonyooka sina. Ninachojua ni kwamba kaka alipopata uwezo, akahamia PS4, alianza kununua za halali kila mwaka, na alikuwa anajisifia risiti kama mtu aliyefunga ndoa baada ya kuishi kinyumba miaka kumi.

Dalili zilikuwepo, ila mpenzi haoni dalili. Mwaka 2015 Hideo Kojima, aliyewatengenezea Metal Gear tangu 1987, waliachana naye vibaya. Gemu lake la mwisho pale likapata tuzo Desemba ya mwaka huo, na mtangazaji akasema jukwaani kwamba mwanasheria wa Konami amemzuia mwenyewe kuhudhuria. Mwaka huo huo wakaifuta Silent Hills, na lile onjo lake la P.T. lililowatoa watu jasho usiku wa manane wakaliondoa dukani kabisa. Mwaka 2018 wakaja na Metal Gear Survive, ukitaka nafasi ya ziada ya kuhifadhi mchezo unalipia kama dola kumi. Dola kumi za kuhifadhi! Nilimpelekea kaka habari zote hizo, mimi ndiye nilikuwa redio yake. Akanijibu bila hata kugeuka, "Dogo, hayo ya vita na mizimu hayatuhusu. Mpira haujaguswa."

Ukaguswa. Mwaka huo huo wa 2018 Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, waliyokuwa nayo tangu PES 2009, ikahamia kwa wapinzani. Madogo wakaanza kuchungulia mlangoni: "Bro, una FIFA?" Kaka akaandika kwa chaki ubaoni HAPA NI PES TU. Ng'ambo ya barabara akafungua mwenzake, yeye ana FIFA, ana feni. Benchi moja likabaki wazi, kisha la pili. Shemeji akanivuta pembeni jikoni akaniambia, "Shem, ongea na kaka yako, ubao ule haupikiki." Nikaongea. Akasema subiri, wanatengeneza jipya, mashine mpya, bure kabisa, Messi ndiye sura ya gemu. Mwaka mzima wa 2020 walitoa marekebisho tu ya lile la mwaka uliotangulia, yeye akalichukulia hilo kuwa ushahidi. "Wanapika," akasema. Wateja waliobaki aliwaambia wavumilie mpaka Septemba.

Tarehe 30 Septemba 2021 ikatoka. Jina la PES limeuawa, sasa inaitwa eFootball. Ndani ya siku chache ikaburuza mkia kwa alama za wachezaji katika duka la kompyuta la Steam, chini kuliko kila kitu, na picha zikazagaa dunia nzima: watazamaji kama vinyago, nyuso za wachezaji zimepinda, mtu anakimbia mikono kama ana mdudu mgongoni. Mimi nilikuwa nimesoma yote kabla sijafika bandani. Nilimkuta kaka amekaa kwenye benchi, pedi mkononi, runinga imezimwa.

"Masta Ligi ipo?" akaniuliza.

"Haipo. Wanasema itakuja baadaye, ya kununua."

"Timu ngapi za kucheza watu wawili hapa?"

"Tisa."

Akahesabu kwa vidole, sijui alikuwa anahesabu nini. "Tisa," akasema. Basi.

Kesho yake Konami wakaomba radhi hadharani, wakaahidi kurekebisha Oktoba. Toleo kubwa lililotakiwa Novemba likasogezwa, likafika Aprili 2022. Miezi sita na ushee. Banda haliwezi kuomba mwenye nyumba miezi sita. Wiki ya pili ya Oktoba kaka alifuta ubao kwa kitambaa chenye maji na akaweka FIFA. Watoto walirudi siku ile ile. Alikuwa anapokea hela, anatoa chenji, anaamua ugomvi, lakini kushika pedi yeye mwenyewe hapana. Mwaka uliofuata akauza kila kitu, akafungua duka la vipuri vya pikipiki. Linalipa kuliko banda, nisimseme vibaya.

Wala usidhani hao wa ng'ambo ni malaika. Walipokuwa wanauza pakiti za wachezaji za bahati nasibu, Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari, na Januari 2019 wakaacha kuuza pointi zao kule. Konami nao eFootball yao inakula kwa staili hiyo hiyo, gemu bure, wachezaji unawavua kwa sarafu. Kila mmoja kaona pesa ilipo. Kinachoniuma ni kwamba wale wa PES walikuwa wanajua kutengeneza mpira, na ujuzi ule haukupotea baharini. Mtu alikaa mezani akaamua.

Siku hizi naambiwa wametubu. Silent Hill 2 mpya ya Oktoba 2024 imesifiwa sana, Metal Gear Solid Delta ikafuata Agosti 2025, washkaji wa zamani wananiletea ujumbe eti mtu wangu amerudi. Nimeiangalia, ni nzuri kweli. Nimejikuta najiuliza itanitosa lini.

Juzi nilikwenda kwa kaka. Mwanawe wa miaka kumi na mmoja yuko kwenye kochi, kichwa ndani ya simu, anacheza eFootball. Kaka amesimama nyuma yake anachungulia. Anamwambia usikimbize, vuta, vuta, ngoja beki aje. Mtoto anasema baba, unaniharibia. Nikamuuliza yule mtoto kama anamjua Castolo. Akanitazama kama nimemuuliza habari za mkoloni.

Kaka akaingia chumbani, akakaa humo muda. Akarudi na boksi la viatu, ndani mna PS2 moja ambayo hakuiuza, na kadi imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Tulihangaika nusu saa kupata waya unaoingia kwenye runinga ya siku hizi. Ikawaka. Simba na Yanga wote wapo, na majina mengine tuliyakosea herufi, mimi ndiye niliyekuwa nasoma vibaya. Nilichukua Yanga, akachukua Simba. Amenifunga tatu bila, na mtoto aliacha simu kwenye goli la pili.