Nilirekodiwa Usiku Niliopoteza Mgonjwa

Wadau, zile video za daktari anatukanwa koridoni mmeziona nyingi kwenye magrupu ya WhatsApp. Mojawapo ni yangu. Siwaambii ipi, na habari za mgonjwa hapa nimezibadilisha, mtaelewa kwa nini.

Nilikuwa mwezi wa pili wa utarajali, ule mwaka mmoja wa kazi hospitalini baada ya miaka mitano ya chuo. Zamu ya usiku akaletwa mzee, kiharusi, presha imepanda vibaya. Dawa zake alishaacha, anatumia matone ya mitishamba ya Instagram, muuzaji kamhakikishia yanamaliza presha moja kwa moja. Tulihangaika naye, alfajiri akafariki.

Nikatoka koridoni, faili mkononi. "Poleni, mgonjwa wenu hatunaye tena." Basi, nimemaliza. Kijana wake mkubwa akaniuliza, "Wewe nesi, daktari yuko wapi?" Nikamjibu ni mimi, kaka. Simu ikatoka mfukoni.

Mchana mdogo wangu akanitumia video: "Da, huyu si wewe?" Nikasoma komenti. Muuaji. Kafaulu kwa kuibia. Mwingine anaapa mzee alifika anaongea vizuri kabisa. Hapo ndo nikaanza kuandika: alifika hajitambui, presha ilikuwa hivi, dawa aliacha, matone kanunua kwa fulani. Kila neno kweli. Nimebakiza kubonyeza tu.

Sista mmoja wa siku nyingi pale wodini akachungulia simu yangu. "Dokta, mwanangu, hiyo siri ni ya yule mzee, siyo yako." Nikamwambia mbona wao wameanza. Akasema, "Wao hawajala kiapo."

Nikafuta. Na ukiacha kiapo, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya zimo. Kwa hiyo unachafuliwa hadharani, na wewe unakaa na ukweli wako mdomoni. Hilo hakuna mtihani ulioniuliza.

Chuo nilikariri mishipa ya fahamu ya mkono mpaka nikawa naiota. Namna ya kumwambia mtu baba yake amefariki? Lekcha moja, saa nane mchana, nusu ya darasa tumesinzia (na mimi nikiwemo, sijitoi). Mbinu zipo. Jarida moja la madaktari wa saratani Marekani lilichapisha njia ya hatua sita mwaka 2000: tafuteni pa faragha mkae, uliza wanajua nini tayari, omba ruhusa ya kuwaeleza, eleza kwa lugha nyepesi, waache walie, kisha mpange kinachofuata. Sista yule nadhani hajawahi kuisoma. Yeye anavuta benchi kwanza, anakaa, anauliza, "Mlimwonaje mzee mlipomleta?" Siku hizi namuiga.

Jana nimeiangalia tena ile video. Matusi hata siyasikii. Naangalia mwanzoni, kijana anasema, "Rudia, rudia ulivyosema," na mimi narudia huku natupia jicho saa ya mkononi. Kulikuwa na mama kitanda cha 6 dripu yake inaisha. Ila wale watoto wangejuaje? Wao waliona naangalia saa.