Mbwa Mwitu Sebuleni

Juma lililopita, baada ya sala ya Isha, tulitazama katika televisheni kipindi cha mbwa mwitu, wale wenye mabaka, walioko hata Tsavo, unakopita mto huu wetu wa Sabaki ukiitwa Galana. Mama watoto aliguna: "Najisi mpaka sebuleni!" Kisha mawindo yakaanguka, wakubwa wakasimama kando, watoto wakala kwanza. Mmoja aliyejeruhiwa, asiyeweza kuwinda, wenzake wakarudi na kumtapikia nyama. Mama watoto akanyamaza. Mjukuu akaniuliza, "Babu, mbona yule wa uchochoroni twampiga mawe?"

Nikamweleza fiqhi ya Imam Shafi: mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hukumu hiyo ni ya chombo, jiwe halimo. Nami darsani husimulia hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mola akamghufiria. Nimeisimulia miaka mingi, ilhali fimbo ya mbwa i nyuma ya mlango wangu.

Asubuhi mjukuu alitwaa kifuu, akakijaza maji, akakiweka uchochoroni. Bibi yake alisema tu: "Kisirudi jikoni."