Hamnazo

Kwa Kiswahili cha mtaani, akili ni nyingi. Ndiyo maana mtu anaweza kupungukiwa nazo akawa punguani, au zisimtoshe, au asiwe nazo kabisa: hamna zo. Hiyo "zo" ya mwisho ndiyo akili zenyewe, hazitajwi jina, kama deni ambalo ukoo mzima unalijua.

Nililisikia kwa uzito wake kwenye kikao cha ukoo, Balangdalalu, likisemwa juu ya baba yangu mdogo. Alikuwa anavaa koti zito kiangazi chote. Ng'ombe wake aliwapa majina ya mawaziri, na akiwafokea, jirani mgeni hushtuka. Jioni alitembea peke yake hadi kuliona ziwa la chumvi, Balangida Lelu, akasimama. Ukimuuliza anaangalia nini, anajibu: "Naangalia."

Kikao kilitaka ng'ombe wake wahamishiwe kwa mtu "mwenye nazo". Tulizungumza Kidatoga tangu asubuhi, lakini neno lililobeba hoja yote lilikuwa la Kiswahili. Na sisi tunajua jina la kupewa linavyofanya kazi. Wamasai walituita Mang'ati, yaani maadui, na hadi leo wapo watu wanaotuita hivyo wakati hatujawahi kugombana nao.

Waingereza wana "kooky", neno lililoshamiri Marekani miaka ya 1950, na inadhaniwa limetokana na "cuckoo", ndege yule mwenye kutaga kwenye viota vya wenzake. Ukiitwa kooky unachekwa, kisha unakaribishwa chai. Sisi neno la karibu ni "mtu wa vituko", ila kwenye kikao hakuna aliyelikumbuka. Vituko havihamishi ng'ombe. Mjini wangesema apelekwe Mirembe, hospitali ya Dodoma ambayo jina lake limegeuka kejeli, kama Mathari kwa Wakenya, na kama Bethlem ya London ilivyozaa "bedlam", yaani vurugu.

Kinachonisumbua ni hesabu. Neno la zamani, wazimu, lina mzimu ndani yake: mtu wa namna hiyo alikuwa na kitu cha ziada, na ulimkaribia kwa tahadhari. Hamnazo ni mtu wa kutolewa. Na mtu aliyeshatolewa akili, kumtoa ng'ombe si kazi.

Bibi, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza swali moja: tangu ukame ule, ng'ombe wa nani hawajapungua? Walikuwa wa baba mdogo peke yake. Wazee wakaanza kutafuta fimbo zao. Hakuna uamuzi uliotolewa, na hadi leo haujatolewa.

Jioni nilimkuta akikamua. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Wamesema hamna zo," akaniambia. "Zo gani?"

"Akili, baba."

Akaendelea kukamua.

"Kwani wao wanazo ngapi?"