Nilirudi Darasani Nikiwa Mama wa Watoto Watatu

Barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya pili ya biolojia niliipata mwaka 2004, Ijumaa jioni, nikiwa jikoni nachambua mchele. Wakati huo nilikuwa mama wa watoto watatu. Neema alikuwa darasa la nne, Yohana alikuwa na miaka saba, na kitinda mimba wetu, Upendo, alikuwa hajatimiza miaka miwili. Niliisoma barua ile mara mbili, nikaikunja na kuiweka kwenye kabati la vyombo. Sikumwonyesha mume wangu hadi Jumapili.

Akina mama wenzangu mtanielewa. Ziko habari njema ambazo mama huogopa kuzitoa, kwani anajua nyumba nzima ndiyo itakayozilipia.

Baba Neema aliisoma barua kimya, kisha akaniuliza, "Miaka miwili, Mama Neema. Na Upendo je?"

Sikuwa na jibu. Aliyejibu alikuwa mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka kijijini. "Mtoto nitabaki naye mimi," alisema. "Ila kila ukirudi utaniambia umesoma nini. Sitaki kulea mtoto huku sijui mama yake anatafuta nini huko."

Papai na kimea

Basi nilianza kumweleza habari za vimeng'enya, maana utafiti wangu ulitegemea kipimo kinachotumia kimeng'enya. Nilimwambia kwamba ndani ya kila kiumbe kuna vitu vidogo mno ambavyo kazi yake ni kuharakisha mabadiliko ya mwili. Ukitafuna ugali kwa muda mrefu bila kuumeza, utaona unaanza kuwa mtamu, kwa sababu kimeng'enya kilichomo kwenye mate kinageuza wanga kuwa sukari.

Mama mkwe alicheka. "Kumbe unazungumzia kimea!"

Nilishangaa, lakini alikuwa amesema kweli. Nafaka iliyolowekwa, ikaota, ikakaushwa na kusagwa, ina vimeng'enya vingi. Ukitia kijiko cha unga wa kimea katika uji mzito wa mtoto uliopoa kidogo, uji hulegea, na mtoto hula unga mwingi zaidi katika bakuli lile lile dogo. Vivyo hivyo nyama ngumu ya ng'ombe mzee ikifungwa kwa majani ya mpapai hulainika, maana utomvu wa mpapai una kimeng'enya kinachovunjavunja nyama. Bibi zetu walivitumia vimeng'enya kabla mimi sijajua jina lake.

"Sasa," aliniuliza, "kimea na mbwa vinahusianaje?"

Ugonjwa unaotoka nyumbani kwenda porini

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa kwa wingi. Wengine walionekana wakitetemeka na kuanguka. Inakadiriwa kwamba simba wapatao 1,000 walikufa, yaani kama theluthi moja ya simba wote wa eneo lile. Watafiti waligundua kwamba walikuwa na virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa ambao haumdhuru binadamu. Wengi waliwanyoshea kidole mbwa wanaofugwa vijijini kando ya hifadhi, ingawa baadaye ilionekana kwamba wanyama wengine wa porini nao wanaweza kuusambaza. Mwaka 2008 watafiti walieleza kwamba ukame na vimelea vinavyoletwa na kupe viliwadhoofisha simba wale, ndipo virusi vikapata nguvu.

Mbwa hao hao wa vijijini hubeba pia kichaa cha mbwa, ambacho huua mbwa mwitu, huua ng'ombe, na huua watoto wetu. Mtu akishaanza kuonyesha dalili zake, karibu kila mara hufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba watu wapatao 1,500 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka nchini Tanzania, idadi kubwa kuliko ile iliyokuwa ikiandikwa hospitalini, kwa sababu wengi hufia nyumbani. Lakini mbwa wapatao 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Kazi yangu ilikuwa kupima damu ya mbwa wa vijiji vichache vya mkoa wa Mara, waliochanjwa na wasiochanjwa, nione ni wangapi wenye kingamwili, yaani askari wa mwili wa kupambana na ugonjwa huo.

Swali la mama mmoja

Tulifika kijijini mwezi mmoja baada ya siku ya chanjo. Tuliweka meza chini ya mti, karibu na shule. Watoto walikuja wakivuta mbwa kwa kamba za katani, na kila mbwa tulimwandika jina, umri na kama alichanjwa. Nakumbuka mbwa wengi waliitwa Simba, nikatabasamu peke yangu. Tulichukua damu kidogo mguuni, tukaiacha igande, kisha tukavuta yale maji ya manjano yanayobaki juu na kuyaweka kwenye boksi lenye barafu.

Siku ya pili alikuja mama mmoja akiwa na mbwa mwekundu. Hakuwa ametumwa na mtu. Nilipomaliza kutoa damu aliniuliza, "Dada, damu hii mnaipeleka wapi?" Nikamwambia tunaipeleka chuoni kupimwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mwanawe aliumwa mkono na mbwa wa jirani mwaka uliotangulia. Kidonda kilikuwa kidogo. Walikipaka dawa ya majani, kikapona vizuri, wakasahau. Baada ya kama miezi miwili mtoto alianza kuogopa maji, hata maji ya kunywa. Hakukaa wiki.

"Alikuwa na miaka saba," alisema. "Sasa niambie, dada. Damu hii ya mbwa ingemsaidia nini mwanangu?"

Yohana wangu alikuwa na miaka saba. Nilishika kichupa cha damu mkononi, na maneno yote niliyoyaandika katika maombi yangu ya utafiti yalinipotea. Nilimwambia, "Pole sana, mama." Akaitikia, "Asante," akavuta mbwa wake akaenda.

Vishimo visivyogeuka rangi

Niliporudi nyumbani baada ya wiki sita, Upendo alijificha nyuma ya khanga ya bibi yake. Aliniita shangazi. Nililala usiku ule nikilia kimya ili Baba Neema asinisikie, lakini alinisikia. Hakunilaumu. Alisema tu, "Kama kazi ile haina maana, rudi nyumbani. Kama ina maana, imalize." Maneno yale yaliniuma, kwani sikujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Maabara nayo haikunifariji. Kipimo hicho hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Chini ya kila kishimo hupakwa sehemu ya virusi visivyo na uhai, kisha huongezwa yale maji ya damu ya mbwa. Kama yana kingamwili, zinang'ang'ania pale hata ukiosha. Halafu unatia dawa inayoshika kingamwili hizo, ambayo imepachikwa kimeng'enya kilichotolewa katika mzizi wa mmea. Mwisho unatia maji yasiyo na rangi. Kimeng'enya kikiwapo, maji hugeuka bluu, na ukiongeza tindikali kidogo yanakuwa ya manjano. Pasipo kingamwili, hayageuki.

Sahani yangu ya kwanza haikugeuka hata kishimo kimoja, hata vile nilivyotia damu tuliyojua ina kingamwili. Nilirudia mara ya pili, kisha ya tatu. Niliamini mikono yangu ndiyo mibovu, kwamba mama mwenye mawazo matatu hawezi kupima maji kwa matone. Tarehe ya kuharibika kwa dawa ilikuwa bado, hivyo sikuishuku. Nilianza kuandika barua ya kuacha masomo.

Nilimweleza mama mkwe nikiwa namsaidia kupika. Alikuwa anafunga nyama kwa majani ya mpapai. Alisikiliza, kisha akaniuliza, "Hayo majani yako hayakupata moto?"

"Majani gani, mama?"

"Hicho kimeng'enya. Majani ya mpapai ukiyachemsha kwanza, nyama hailainiki hata ukiifunga siku nzima. Na kimea ukikitia kwenye uji unaotokota, uji haulegei. Moto unakiua."

Nilisimama na kisu mkononi. Jambo hilo nililisoma tangu mwaka wa kwanza wa chuo: joto huharibu kimeng'enya. Nililijua kwa kalamu tu. Kesho yake nilimuuliza mlinzi wa jengo, naye akaniambia kwamba nilipokuwa safarini umeme ulikatika kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Dawa ilikuwa imekaa ndani ya jokofu lililozimika, katika joto la Februari.

Tulisubiri dawa mpya kwa miezi miwili. Siku nilipoitumia, niliketi mbele ya sahani nikiogopa kutazama. Polepole vishimo vilianza kugeuka bluu, hapa kimoja, pale vitatu, hadi safu nzima. Nilifuata orodha yangu hadi kwa mbwa mwekundu wa mama yule. Kishimo chake kilikuwa na rangi. Mbwa wake alikuwa na kinga.

Jibu nililorudi nalo

Tulipohesabu, wengi wa mbwa waliokosa kinga walikuwa wadogo, waliozaliwa miezi michache kabla ya chanjo. Niliporejea daftari la maswali nikaona sababu: watu waliwaacha nyumbani wakidhani mbwa mdogo hachanjwi. Kumbe anaweza kuchanjwa, na kila anayeachwa ni mlango ulio wazi.

Nilijilazimisha kurudi kijijini kabla ya kuandika kitabu changu cha utafiti. Nilimkuta mama yule shambani. Nilimwambia, "Mama, damu ile isingemsaidia mwanao. Sitakudanganya. Lakini imetuonyesha watoto wa mbwa ndio tunaowasahau, na safari ijayo waletwe wote." Akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, "Na yule ambaye ameshaumwa?"

Hilo nilikuwa na jibu lake, na ndilo ninalotaka wewe msomaji ulishike. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata kama kidonda ni kidogo, kioshe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majani, pilipili wala kitu kingine cha kienyeji. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, na arudi kwa kila sindano aliyopangiwa. Usisubiri kuona kama ataugua, maana akishaugua tumechelewa.

Mama yule aliyarudia maneno hayo kwa lugha yao kwa wanawake waliokuwa wakipalilia pamoja naye. Alisema kwa muda mrefu kuliko mimi. Nilielewa kwamba alikuwa anawasimulia pia habari za mwanawe.

Upendo alichukua miezi kadhaa kuniita mama tena. Leo ni msichana mkubwa, naye hakumbuki lolote, lakini mimi nakumbuka. Sitawaambia kwamba kusoma ukiwa mama hakugharimu kitu. Kunagharimu, na anayelipa si wewe peke yako. Ndiyo maana mama anayerudi shule anadaiwa kurudi na jibu, kwa nyumba yake na kwa wale aliochukua damu ya mbwa wao.

Mama mkwe alifariki mwaka 2015. Katika ukurasa wa shukrani wa kitabu changu, baada ya walimu wangu, jina lake limo. Aliponiuliza aliandikwa kwa lipi, nilimwambia, "Kwa majani ya mpapai, mama." Alicheka, akaniambia nikaangalie uji usiungue.