Damu ya Mbwa na Deni la Mtafiti

Nilipokuwa Uppsala, Uswidi, nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu, nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyefuga mbwa mzee. Siku moja alimpeleka mbwa huyo, mzima kabisa, kwa daktari wa mifugo akatolewe damu kwa ajili ya utafiti wa magonjwa ya kurithi. Nilimuuliza kwa nini wasichukue ya mbwa wagonjwa. Akanieleza kwamba watafiti huwahitaji pia wazee wasiougua, ili vinasaba vya makundi hayo mawili vilinganishwe.

Nilimsindikiza. Damu ilitiwa katika kichupa chenye dawa ya kuizuia isigande, kikaandikwa namba, kikafungwa pamoja na kitambaa cha kunyonya majimaji ndani ya chombo kisichovuja, kisha kikatiwa katika boksi gumu la kusafirishia. Hayo hayakuchukua hata nusu saa. Kilichochukua jioni nzima ni fomu: nasaba ya mbwa, maradhi yake yote na ridhaa ya mwenye mbwa. "Nikificha ugonjwa mmoja tu," aliniambia, "damu hii itawadanganya." Baada ya miezi kadhaa alipokea barua ya kumweleza sampuli ile ilivyotumika.

Uaminifu huo una matunda. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliitambua jeni yenye kasoro inayowasababishia Dobermann na Labrador maradhi ya usingizi wa ghafla, na njia ya kuyaelewa maradhi hayo kwa binadamu ikafunguka.

Mbwa wa Afrika nao wamo katika sayansi hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulitumia sampuli za mbwa wa vijijini kutoka Uganda, Misri na Namibia. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, imeweka msingi wa ridhaa na mgawanyo wa manufaa. Lakini itifaki husainiwa na serikali, ilhali mbwa ni wa mtu.

Niliporudi nyumbani, mzee mmoja kijijini kwetu aliniambia kuwa mbwa wake aliwahi kutolewa damu. Ya nini? "Walisema wao ni wataalamu, mwanangu." Nilitaka kulaani, nikanyamaza. Nilikuwa nimekusanya hojaji katika kata hiyohiyo, naye alikuwa miongoni mwa walionijibu. Sikuwa nimerudi kumweleza lolote.