Kadhia ya Tsavo

Nilipoingia katika kazi ya askari kanzu hapa Voi, katika miaka ya sabini, elimu ya upelelezi ilikuwa zaidi ni elimu ya kusikiliza: ulikwenda pahali pa tukio, ukatazama nyayo kabla mvua au mbuzi hawajazifuta, ukaokota kilichookoteka ukakitia katika bahasha ya kupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, kisha ukaketi na mashahidi mpaka maneno yao yakaafikiana au yakapingana. Alama za vidole tulikuwa nazo, lakini huko Sagalla na Mbololo, mtu anapouawa njiani baina ya mashamba, ni kitu gani cha kushika alama ya kidole isipokuwa mpini wa panga?

Mkubwa wangu wa kwanza, mzee wa pwani mwenye subira nyingi, alipotaka kutufundisha namna ya kushughulikia vifo vinavyofuatana na kufanana, hakutumia jalada lolote la kituo chetu, bali alitueleza kadhia ya Tsavo, kilomita hamsini hivi kutoka hapa kwenye njia ya reli iendayo Nairobi, kwa kuwa, alivyosema, hakuna mtuhumiwa aliyebaki wa kuudhika.

John Henry Patterson alifika Tsavo mwezi wa Machi 1898 kujenga daraja, na haukupita muda akaambiwa kwamba vibarua wametoweka usiku na kwamba simba ndio waliowachukua. Hakusadiki. Dhana yake ya kwanza ilikuwa kwamba wamechinjwa na wenzao kwa tamaa ya rupia walizoweka akiba. Na mimi, hata leo, sioni kwamba dhana hiyo ilikuwa ya kijinga, maana ndiko ambako kachero yeyote angeanzia. Akaja akachukuliwa Ungan Singh, jemadari wa Kisikhi, mbele ya watu waliolala naye hema moja, nao walisema waliyoyaona: kichwa cha simba mlangoni, na koo la jemadari kinywani mwake. Patterson akafuata michirizi ya visigino mchangani, akaukuta mwili umetafunwa isipokuwa kichwa, ambacho kilirudishwa kambini kwa daktari ili kitambuliwe rasmi. Mkubwa wetu alilirudia jambo hilo la kichwa kila mara, akitaka tufahamu kwamba hata katikati ya hofu kubwa kama ile, marehemu hutambuliwa kwanza, ndipo mengine yafuate.

Nyumbani nilikuwa nimesikia habari nyingine. Babu yangu alisema wale hawakuwa simba bali roho za wakuu wa kale waliochukizwa na reli, na vibarua wenyewe waliamini vivyo hivyo, nao wakafika hadi ya kugoma na kulikimbia daraja. Wala watu waliokoka mioto usiku kucha wakalala juu ya miti hawawezi kulaumiwa kwa kutafuta maelezo makubwa kuliko mnyama. Simba walikuwa wawili, na Patterson aliwaua wote mwezi wa Desemba mwaka ule, mmoja tarehe 9 na wa pili tarehe 29, lakini idadi ya waliouawa haikutulia. Katika kitabu chake cha 1907 alitaja Wahindi 28, na Waafrika wengi ambao hawakuandikwa popote. Ilipofika 1925 alisema ni 135. Shahidi ambaye hesabu yake hunenepa kadiri miaka inavyopita, hakimu humtazama kwa jicho la pembeni. (Askari nao walilipa: mwaka 1900, huko Kima, afisa wa polisi wa reli aitwaye Ryall alikaa zamu ndani ya behewa akimvizia simba mwingine mla watu, usingizi ukamshika, na simba akamtoa dirishani.)

Kilichobadilika ni kwamba vielelezo vilidumu kuliko mashahidi. Ngozi zilizokuwa mabusati nyumbani kwa Patterson kwa robo karne ziliuzwa pamoja na mafuvu kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, mwaka 1924, kwa dola 5,000. Na mwaka 2009 wataalamu wakapima kaboni na nitrojeni katika mifupa na manyoya yale, kwa kuwa mfupa huhifadhi athari ya chakula cha miaka mingi na unywele hutunza ya miezi michache ya mwisho. Ili wajue mwili wa binadamu wa huku ulikuwa na chapa gani, walipima mifupa ya Wataita iliyokusanywa na Louis Leakey mwaka 1929. Habari hiyo niliisoma nikiwa mstaafu, nikaweka gazeti chini. Sisi ambao wazee wetu waliyafukua mafuvu ya waliotangulia wakayapanga katika mapango ya milimani, tumeitwa mahakamani kwa mifupa yetu, na bila samansi.

Hukumu ilikuwa watu 35 kwa kukadiria, nayo yaweza kuwa kati ya 4 na 72: simba mmoja kama 24, mwenziwe kama 11. Aliyekula zaidi alikuwa na chonge la chini lililovunjika na jipu katika mzizi wake, na tauni ya mifugo ilikuwa imekwisha fyeka ng'ombe na nyati.

Mwaka 2024 wakatoa nywele zilizoganda katika matundu ya meno yale, wakasoma DNA: twiga, choroa, kuro, nyumbu, punda milia, na binadamu. Unywele wa binadamu wakauacha wasiuchunguze zaidi, wakisema huenda jamaa zake wako hai. Kijana mmoja wa upelelezi aliniambia, "Mzee, si wangeupima tu?" Nikamjibu, "Uupime uulinganishe na nani?" Maana pale Tsavo walilala Wapunjabi na watu wa makabila mengi, na ukoo usioombwa idhini hauwezi kuwa shahidi. Mimi ningeanzia kwa wale 28, ambao angalau walikuwa katika daftari la mishahara, nikatafuta wajukuu zao ng'ambo ya bahari. Kisha ningepanda Sagalla kuuliza nyumba kwa nyumba ni nani aliyeshuka kwenda relini asirudi.